Ukigusa hapa, kunatikisika wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusambaa kwa mabadiliko katika mifumo ya programu

Ukurasa huu ni wa wale wanaotunza mifumo ambayo tayari inafanya kazi: vijana wa Tanga mjini wanaohudumia vyama vya akiba na mikopo, zahanati, mabasi ya Dar na Arusha, na vyama vya wafugaji. Ni wa mameneja na wahasibu wanaowaagiza kazi pia. Maswali ni yale yanayorudi kila mara mtu anapoombwa abadilishe "kitu kidogo tu". Mfano nitakaourudia ni wa chama cha ushirika cha wafugaji chenye vituo vya kukusanyia maziwa Muheza, Pangani na Korogwe. Chama hicho nimekibuni kwa ajili ya maelezo, ila shida zake zipo kwenye ofisi nyingi.

Uchambuzi wa athari za mabadiliko maana yake nini?

Ni kujiuliza, kabla ya kugusa msimbo (maandishi yanayounda programu): nikibadilisha hiki, kipi kingine lazima kibadilike nacho, na kipi kitaharibika nikikisahau? Jibu lake huwa ni orodha: moduli (vipande vya programu), majedwali, ripoti, mifumo ya jirani, na watu. Orodha hiyo inaweza kukosea kwa namna mbili. Inaweza kutaja visivyoathirika, ukapoteza siku nzima kukagua bure. Au inaweza kuacha vilivyoathirika, na hapo ndipo mfugaji anapokosa hela yake. Makosa haya mawili hayalingani uzito. La pili ndilo la kuogopa.

Mabadiliko husambaa kwa njia zipi?

Njia inayojulikana na wote ni ya wito. Fanksheni moja, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja, inaita nyingine. Iliyoitwa ikibadilika, iliyoita inaweza kuvunjika. Hii ni nyepesi kuliko zote kwa sababu kompyuta yenyewe inaiona. Ukibadilisha jina la fanksheni, lugha nyingi zitalalamika kabla mtu yeyote hajaumia.

Ya pili ni data. Moduli mbili zinaweza kuwa haziitani popote, zimeandikwa na watu tofauti, lakini zote zinasoma safu moja ya jedwali moja. Ukichora mchoro wa wito hutaona mstari wowote kati yao, na bado moja ikiguswa nyingine inaugua.

Ya tatu ni maana, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Kanzidata ya chama chetu ina safu iitwayo "kiasi". Ni namba, na tangu mfumo uanze namba hiyo imekuwa lita. Sasa chama kimenunua mizani za kielektroniki, na kuanzia Jumatatu karani anapima kwa kilo. Jina la safu ni lilelile, aina ya data ni ileile, hakuna mstari hata mmoja wa msimbo uliovunjika. Lakini lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Mfugaji aliyekuwa akileta lita 20 sasa anaandikiwa 20.6, na kama bei imebaki ya lita, chama kinamlipa asilimia 3 zaidi ya anachostahili. Asilimia 3 haimshtui mtu. Kwa lita 10,000 kwa mwezi, kwa bei ya shilingi 1,000, hiyo ni shilingi 300,000 kila mwezi, na itakuja kuonekana siku ya ukaguzi wa hesabu, wakati hela imeshalipwa na kutumika.

Chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa ugonjwa huohuo. Programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazisoma kama nyutoni. Pande zote mbili zilifanya kazi kama zilivyoandikwa.

Kuna pia muda: kazi ya saa nane usiku inayotegemea kwamba ile ya saa saba imeshamaliza. Kuna mipangilio ya seva. Na kuna mazoea ya watumiaji, ambayo hayajaandikwa popote.

Mtu asiye mtaalamu anaweza kuonyeshwa mfano gani?

Mwonyeshe mita ya LUKU ukutani kwake.

Mita za malipo ya kabla zinazofuata kanuni ya kimataifa ya STS hutambua kila tokeni kwa muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa biti 24 (tarakimu 24 za 0 au 1), zinazotosha dakika 16,777,216. Gawa kwa dakika za mwaka, utapata miaka isiyotimia 32. Hesabu ikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingerekebishwa kabla ya hapo isingepokea tena tokeni mpya, hata kama mwenye nyumba amelipa.

Kwenye karatasi marekebisho yake ni mepesi: sogeza mwaka wa kuanzia hesabu. Lakini tazama yalivyosambaa. Mwaka wa kuanzia ukibadilika, mita lazima isahau tokeni za zamani ilizozikariri, la sivyo ingezikataa tokeni mpya ikidhani ni za zamani. Ikisahau, namba iliyokwisha kutumika ingeweza kukubaliwa tena, kwa hiyo ufunguo wake wa siri lazima ubadilishwe. Ili ufunguo ubadilishwe, namba maalumu lazima ziingizwe katika kila mita, moja moja. Ndiyo maana mwaka 2024 wateja wa TANESCO waliponunua umeme walipokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kurekebisha mita, la tatu la umeme wenyewe, na yote yaingizwe kwa mfuatano. Programu yoyote ya wakala iliyoundwa kuonyesha namba moja ya tarakimu 20 ilipaswa kujua kupokea tatu. Risiti ilihitaji nafasi zaidi. Na mabadiliko yakafika hadi kwa bibi wa Makorora ambaye kila mwezi humwita mjukuu amsomee namba, kwa kuwa safari hii mjukuu naye alihitaji kuelezwa.

Uamuzi juu ya ukubwa wa namba moja uliofanyika miaka ya 1990 ulibisha hodi mlango kwa mlango miongo mitatu baadaye. Nauchagua mfano huu kwa heshima: tarehe ilijulikana mapema, orodha ya vitakavyoguswa iliandaliwa, na wananchi waliambiwa la kufanya. Hivyo ndivyo kazi inavyotakiwa kwenda.

Nimeagizwa nibadilishe lita kuwa kilo. Nianzie wapi?

Usifungue msimbo kwanza. Chukua karatasi uandike kila anayesoma safu ya "kiasi".

Utaanza na unaowajua: hesabu ya malipo ya mwezi, risiti ya karani, meseji inayomwendea mfugaji. Kisha nenda ofisini ukaulize. Utagundua kwamba mhasibu hupakua faili kila Ijumaa na kuliingiza kwenye jedwali lake la Excel lenye fomula alizoandika mwenyewe. Utagundua kwamba chama cha akiba na mikopo cha jirani hutumia wastani wa maziwa ya miezi mitatu kuamua mfugaji akopeshwe kiasi gani. Msimamizi wa usafiri hujumlisha namba hizo kujua kama tangi la lori litatosha, na tangi linapimwa kwa lita. Hakuna zana ya kuchambua msimbo itakayokuonyesha hata mmoja kati ya hawa watatu. Nusu saa ya kuzungumza na mhasibu kwa utaratibu, umemwamkia vizuri na humharakishi, huleta zaidi ya siku nzima ya kusoma msimbo.

Baada ya wasomaji, andika wanaoingiza data: karani kwa simu, karani kwa daftari pale mtandao unapokatika, na faili la vituo vya mbali linaloingizwa jioni. Msimbo uje mwisho. Wakati huo utajua unatafuta nini ndani yake.

Halafu ushauri wangu usio na masharti: usibadilishe kamwe maana ya safu iliyopo. Ongeza safu mpya, iite "uzito_kilo", na ya zamani iache ibaki lita.

Hiyo safu mpya naiingizaje bila kusimamisha vituo?

Kwa hatua, na kila hatua mfumo ubaki mzima. Ongeza safu mpya ikiwa tupu. Hakuna anayeisoma, hakuna atakayeumia. Kisha fanya mfumo uandike kote kuwili, lita na kilo. Jaza rekodi za zamani ikiwa zinahitajika. Hamisha wasomaji mmoja mmoja: leo risiti, wiki ijayo malipo, na baada ya mwisho wa mwezi faili la mhasibu, kwa sababu katikati ya mwezi utamchanganyia hesabu. Msomaji wa mwisho akishahama, safu ya zamani iache ikae kipindi kimoja cha malipo huku ukiangalia kama kuna yeyote anayeigusa bado. Ndipo uiondoe.

Ni njia ndefu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kurudi nyuma kutoka hatua yoyote.

Mfumo wetu ni mdogo. Tunahitaji haya yote?

Ukubwa wa msimbo haunisaidii kujibu. Nauliza kama unagusa hela, afya au kumbukumbu ambazo haziwezi kuandikwa upya, na kama kuna mtu nje ya ofisi anayeusoma. Ukijibu ndiyo kwa moja, andika orodha. Kwa mfumo mdogo orodha hiyo ni nusu ukurasa.

Zana gani zinasaidia?

Ya kwanza ni kutafuta neno kwenye msimbo wote, na msiidharau. Inakosa sana pale jina linapoundwa wakati programu inaendeshwa, kwa mfano msimbo unaounganisha vipande vya maneno kupata jina la jedwali.

Zana za kuchambua msimbo bila kuuendesha huchora mchoro wa utegemezi: nani anamwita nani, nani anasoma nini. Mbinu moja ya aina hiyo, aliyoieleza mtaalamu wa kompyuta Mark Weiser mwaka 1981, hukata programu na kubakiza mistari ile tu inayoweza kuathiri thamani fulani mahali fulani. Tabia ya zana hizi ni tahadhari kupita kiasi: kwa kuwa haziwezi kujua njia ipi itapitwa kweli, hutaja zote zinazowezekana. Kwenye mfumo uliofungamana utaambiwa kwamba karibu kila kitu kinaathirika, na jibu la namna hiyo halikusaidii kupanga kazi.

Upande wa pili kuna kurekodi mfumo ukiwa kazini na kuona nini kimeita nini. Hapo utapata ukweli, lakini wa siku hizo tu. Ukirekodi wiki ya kawaida hutaona msimbo wa kufunga mwaka wa fedha, unaoamka tarehe 30 Juni.

Nazitumia zote mbili, na zinapotofautiana namuuliza mtu anayefanya kazi hiyo.

Historia ya Git nayo ina msaada?

Mkubwa, na wengi hawaufahamu. Git ni programu inayotunza kila badiliko la msimbo lililowahi kuhifadhiwa. Tafuta faili ambazo huwa zinabadilishwa pamoja. Kama katika mabadiliko kumi ya faili la bei, manane yaligusa pia faili la kutengeneza meseji, kuna uhusiano baina yao hata kama msimbo hauuonyeshi. Pengine zote mbili zimeandika bei kwa mkono, kila moja mahali pake. Historia hukusanya yale ambayo watangulizi wako waliyajua kichwani wakaondoka nayo. Sharti ni kwamba watu wawe wanahifadhi kazi vipande vidogo vyenye sababu moja. Ukihifadhi kila Ijumaa jioni kazi ya wiki nzima, kila faili litaonekana ndugu wa kila faili.

Majaribio yote yalipita. Mbona mfumo umeharibika?

Kwa sababu majaribio huuliza yale tu uliyoyafikiria. Roketi ya Ariane 5 iliharibika tarehe 4 Juni 1996, sekunde zipatazo 40 baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu ya kupima mwelekeo ilitoka kwenye Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri miaka yote. Ndani yake kulikuwa na hatua ya kugeuza namba ya biti 64 kuwa ya biti 16. Ariane 5 ilikwenda na kasi kubwa zaidi ya ulalo, namba ikazidi nafasi yake, kifaa kikazima, na cha akiba, chenye programu ileile, kikazima vilevile.

Kilichobadilika pale ni roketi; msimbo uliachwa kama ulivyokuwa. Kwa hiyo unapoandika orodha yako, andika pia mabadiliko ambayo hayagusi msimbo hata kidogo: mizani mpya, kituo kipya chenye wafugaji wengi kuliko tarakimu za namba za uanachama zinavyoweza kubeba, simu mpya za makarani, sheria mpya.

Serikali ikibadilisha kiwango cha kodi au tozo, tufanyeje tusikimbizane?

Kumbuka tozo ya miamala ya simu: ilianza Julai 2021, Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa, na baadaye ikaendelea kubadilishwa. Aliyeandika kiwango ndani ya msimbo alilazimika kuufungua kila mara.

Mtaalamu wa kompyuta David Parnas aliandika mwaka 1972 kwamba mfumo ugawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoweza kubadilika, kila uamuzi ufichwe ndani ya moduli moja. Kiwango cha kodi ni uamuzi wa aina hiyo. Kiweke kwenye jedwali, na kila kiwango kiwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tarehe ndizo zinazosahaulika. Bila tarehe, siku unapoweka kiwango kipya, risiti ya mwezi uliopita ikichapishwa upya itatoka na kiwango cha leo, na mteja atakuwa na karatasi mbili zinazopingana kwa muamala mmoja.

Vituo vya mbali hubaki na toleo la zamani kwa sababu ya mtandao. Ni hatari?

Ndiyo, na ni hatari ya pekee. Mwishoni mwa Julai 2012 kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa iliyoitwa Knight Capital iliweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Toleo jipya lilitumia tena alama ya kuwasha na kuzima ambayo zamani iliwasha kazi nyingine, iliyokwisha kuachwa lakini haijafutwa. Tarehe 1 Agosti, kwenye seva ya nane, alama ile iliamsha msimbo wa zamani. Kwa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza takriban dola milioni 440.

Kwa hiyo kituo cha Pangani kikituma data, toleo la programu litumwe pamoja na kila rekodi. Seva ikatae, au ipokee na kutafsiri, rekodi za toleo la zamani. Isizichanganye na mpya. Na alama au namba ya msimbo iliyowahi kuwa na maana moja isipewe maana nyingine. Namba mpya hazigharimu kitu.

Maktaba za watu wengine tunazotumia bure nazo zihesabiwe?

Maktaba ni msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ambao unauingiza kwenye programu yako. Zihesabiwe, pamoja na zile ambazo maktaba zako zinazitegemea. Machi 2016 mwandishi wa maktaba ya JavaScript iitwayo left-pad, yenye mistari 11 tu, aliiondoa kwenye npm, hazina ya mtandaoni ya maktaba hizo, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa mpaka iliporudishwa. Desemba 2021 lilitangazwa tundu kubwa la usalama kwenye Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo. Wengi hawakujua hata kwamba wanayo, kwa kuwa ilikuja ndani ya kitu kingine. Funga matoleo unayotumia, hifadhi orodha yake kamili, na sasisha kwa makusudi, siku ambayo una muda wa kupima.

Kuna namba inayoonyesha mfumo wetu umefungamana kiasi gani?

Ipo. Chora jedwali la moduli kwa moduli, weka alama kila moja inapotegemea nyingine, moja kwa moja au kupitia nyingine katikati. Moduli 10 zina visanduku 100. Vikijaa 40, badiliko la mahali popote linaweza kwa wastani kufika asilimia 40 ya mfumo. Mtafiti Alan MacCormack na wenzake walitumia kipimo hiki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wakaonyesha kwamba Mozilla, programu ya kuvinjari mtandao, ilipopangwa upya asilimia hiyo ilishuka sana. Mimi naiangalia ikipanda au kushuka mwaka hadi mwaka. Kushindana nayo na mfumo wa mtu mwingine hakuna faida.

Meneja anataka badiliko leo. Namwambiaje?

Usimwambie "haiwezekani". Mpelekee orodha: "Bosi, badiliko lenyewe ni saa moja. Linagusa malipo, faili la mhasibu na mikopo ya jirani. Nikiweka leo, malipo ya tarehe 30 sina uhakika nayo. Nikipewa mpaka Alhamisi, ninayo." Uamuzi ni wake, na sasa anaufanya akijua. Mameneja wengi wa hapa niliowaona wakipewa maelezo ya namna hii husubiri.

Msimbo wa zamani usiotumika, tuuache au tuufute?

Ufute. Git itaukumbuka. Ila kabla ya kuufuta, weka mstari unaoandika kumbukumbu kila unapoitwa, uache mpaka mwisho wa mwezi upite, na mwisho wa mwaka wa fedha pia kama unahusu hesabu. Ukikuta umeitwa hata mara moja, mtafute aliyeuita umuulize anafanyia nini.